Asichekeshe, Asilize

Ting'. Mlio wenyewe ulikuwa mdogo, kama wa bangili ikigonga beseni, na mpaka leo nikisikia bati likigongwa popote mabega yangu hupanda yenyewe. Ndugu yangu mdogo alikuwa amechuchumaa uani kwetu Changamwe, ameweka kizibo cha soda juu ya jiwe, anakiponda kwa nyundo ya mjomba ili kiwe bapa. Alitaka akitoboe, atie uzi, kiwe kisahani cha kuvuma kama kile alichokuwa nacho Kishungi. Akagonga, ting', akagonga tena, ting', na mara ya mwisho mlio ukakatika katikati. Hakupiga kelele. Alifunika jicho la kushoto kwa kiganja, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Dada, kuna kitu kimeniingia."

Kishungi hakuwa mtu wa mtaani kwetu. Alikuwa msichana wa kuchorwa. Mjomba wetu, ndugu yake mama, alikuwa kuli pale bandarini Kilindini, na kila ilipofunga gatini meli ya Kijapani iliyoleta baiskeli na mabati, alirudi na majarida ambayo mabaharia walikuwa wamekwisha kuyasoma. Yalikuwa mazito kama matofali, karatasi ya kukwaruza, wino wake mara wa waridi, mara wa kijani. Mama aliyataka ya kufungia mahamri aliyokuwa akiuza asubuhi kwenye lango la kiwanda. Mimi niliyapekua kwanza. Humo mlikuwa na wanamieleka, na watu wa kupigana kwa panga, na katikati yao, katika kila jarida, kipande kimoja cha yule msichana mwenye nywele fupi zilizosimama mbele kama za kuku mwenye shungi. Jina lake liliandikwa, bila shaka, lakini herufi zile zilikuwa kwetu kama nyayo za kunguru. Tukamwita Kishungi.

Alikuwa akimtafuta mamake. Hilo halikuhitaji maandishi. Kila alipofika penye nyumba alionyesha kipicha, na kila mwenye nyumba akatikisa kichwa. Hadithi haikuisha. Kipande kilikatikia mahali pabaya, Kishungi amening'inia au amezingirwa, nasi tukangoja meli. Na huko kwao sufi ilikuwa ikianguka kutoka mbinguni. Mapaa yamefunikwa, miti imefunikwa, msichana anatembea na miguu inazama. Mama alipoonyeshwa alisema lazima misufi ya huko ni mirefu kuliko minazi. Ndugu yangu akauliza mbona Kishungi anatetemeka ilhali sufi ina joto. Nikamjibu kwamba ana homa. Basi kwetu sisi msichana yule alikuwa na homa karibu miaka miwili, na tulimhurumia sana.

Wala hakuna aliyetufundisha pa kuanzia. Sote wawili tulikuwa watoto wa chuo cha Kurani. Kitabu tulikishika kama juzuu, tukakifungua kwa mkono wa kulia, tukafuata picha kwenda kushoto, na Kishungi akatembea sawasawa. Siku moja mjomba alirudi na habari kubwa zaidi. Baharia mmoja alikuwa amechora sanduku hewani, akamwonyesha picha ya Kishungi, kisha akatembeza vidole viwili ndani ya lile sanduku la hewa. "Wasema huko kwao siku hizi kijana wenu yuwatembea," mjomba alituambia, "na yuwanena!" Ndugu yangu akauliza yuwanena nini. Mjomba akasema hilo hakumuuliza, kwani angeulizaje?

Tangu siku hiyo ndugu yangu alitaka kila alichokuwa nacho Kishungi, na ndiyo sababu alikuwa na nyundo uani.

Hospitali, kule kisiwani, walitoa kijipande cha bati na wakashona. Wadi ilikuwa imejaa mpaka watoto wawili wawili kitandani, na kwa mgonjwa asiyetakiwa kusukumwa hiyo ilikuwa hatari kuliko barabara. Tukapewa gari la hospitali liturudishe nyumbani, na kabla ya kuondoka muuguzi mmoja wa kiume alituweka mimi na mama ukutani kama askari wanaopewa amri.

"Alale chali. Macho yote mawili yafungwe, kwa sababu moja likizunguka na mwenzake huzunguka. Asiinue kichwa. Asikohoe kwa nguvu, asilie, asicheke. Jumatatu mumrudishe, daktari afungue. Kidonda kikiachia kabla ya hapo, jicho linamwagika, na jicho haliuzwi dukani. Mmenisikia?"

"Tumesikia, mwanangu," mama alisema.

"Asicheke," akarudia, akinitazama mimi. Sijui alionaje usoni mwangu kwamba mimi ndiye mchekeshaji wa nyumba ile.

Mama alishona vifuko viwili, akavijaza mchanga, akaviegemeza huku na huku masikioni mwa mtoto ili kichwa kisigeuke. Ndugu yangu alikuwa wa kupanda na kushuka kutwa nzima. Hata akila alikuwa akitingisha mguu. Sasa alilala kama ubao, bandeji imezunguka kichwa, mdomo tu unaonekana. Saa ya kwanza ilipita. Baadaye vidole vya miguu vikaanza. Kisha magoti. Kisha sauti: "Dada, n'nawashwa. Dada, kuna giza. Dada, n'nataka kukaa." Na sauti ile ilikuwa inaelekea kwenye kilio, niliisikia ikipanda kama maziwa jikoni.

"Mzungumze," mama akaninong'oneza. "Ukinyamaa tu, ataamka huyu."

Nikachukua majarida, yale ambayo hayajafungiwa mahamri, nikakaa sakafuni karibu na kichwa chake, nikaanza kumsimulia Kishungi tangu mwanzo. Hapo ndipo nilipojua ugumu wa kazi niliyopewa. Hadithi isichekeshe. Isilize. Isitishe. Na isichoshe, kwani akichoka tu anaanza kujinyonganyonga. Nani amewahi kusikia hadithi ya namna hiyo? Nilipofika kwa yule muuza samaki mnene anayeteleza juu ya sufi na samaki wake wakaruka hewani, nilijisahau. Nilimwigiza. Kifua cha ndugu yangu kikaanza kurukaruka kwa kicheko. Nikakibana kwa viganja viwili.

"Usiteke! Usiteke, nakwambia! Hakuteleza. Alisimama vizuri tu. Alimuuzia samaki, akaenda zake."

"Alisimama?"

"Alisimama."

"Mbona wasema samaki waliruka?"

"Nilikosea ukurasa."

Tangu hapo nilitanguliza macho yangu mbele ya ulimi. Nilitazama picha inayofuata kabla ya kuisema, nikaikata kucha zake. Mbwa mkali alikuwa amefungwa. Mto ulikuwa wa kina cha magoti. Wenye nyumba waliotikisa kichwa niliwafanya wampe Kishungi uji kwanza ndipo watikise. Na ili asichoke, nilimsimulia vitu ambavyo tulipokuwa tukitazama pamoja hatukuwa na haja navyo: ukanda wa nguo ulivyofungwa, moshi unatoka paa gani, vidole vya miguu vimekaaje katika kile kiatu cha mbao. Akatulia. Wakati mmoja akasema polepole, bila kutikisa hata kidevu, "Dada, yuwatembea."

"Wapi?"

"Humu. Kwenye giza."

Lakini palikuwa na jarida moja nililolisukuma nyuma ya mtungi. Lilikuwa la mwisho ambalo mjomba alikuwa ameleta, hatujalitazama pamoja bado. Kwenye kurasa zake za mwisho kulikuwa na daraja la kamba, na ng'ambo ya daraja mwanamke amesimama, ametupa mgongo. Kishungi anakimbia juu ya daraja. Kamba inakatika. Picha ya mwisho kabisa ilikuwa ya mkono wake tu, umefunguka, na chini hakuna kitu. Kila siku ndugu yangu aliuliza, "Meli haijafunga? Mjomba hakuleta?" nami nikasema bado, bado, tuko mbali na hapo.

Jumamosi mama alinituma kwa mwalimu wa chuo nikachukue kombe. Mwalimu huandika aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, ikaoshwa kwa marashi, mgonjwa akanywa. Mama mwenyewe alikuwa langoni na mahamri yake. Bila mahamri tusingekula. Mjomba alikuwa bandarini. Tulibaki na mtu mmoja tu wa kumwachia mtoto.

Huyo alikuwa jirani wa chumba cha mbele, mtu wa bara, mfanyakazi wa reli wa zamu za usiku, kwa hivyo mchana yupo. Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba sita na ukumbi katikati, na yeye na mjomba walikuwa wakibishana barazani kila jioni. Miaka ile uhuru ulikuwa unakuja, na watu wa pwani walikuwa wakiulizana kama mwambao utakwenda pamoja na bara au utabaki peke yake. Mjomba aliona hili, jirani akaona lile, na mara nyingine walikwenda kulala bila kupeana salamu. Lakini mikono ya jirani ilikuwa ya upole. Kabla ya kwenda langoni mama alimwita, akamwambia yote, asicheke, asilie.

"Wewe enda, mama. Mimi na hii mtoto tutakaa vizuri," alisema. "Nitamsomea. Mimi nimesoma misheni mpaka darasa la nane."

Nilikwenda mbio na kurudi taratibu, kwa ajili ya sahani. Nilikuwa nimefika ukumbini nilipoisikia sauti ya ndugu yangu, kubwa, imepasuka.

"Sivyo! Amekufa! Wasema ameanguka, sasa yuwalaje? Maiti yuwala?"

"Hapa anakula," jirani alikuwa akisema, naye amechanganyikiwa. "Angalia... aa, hapana, usiangalie. Tulia. Nasoma vile kitabu inasomwa. Mwanzo ameanguka kwa daraja. Halafu amesimama kwa daraja. Halafu..."

Niliingia. Ndugu yangu alikuwa ameinuka kwa viwiko, vifuko vya mchanga vimeanguka, kichwa kimetoka kabisa kwenye mto na kinatetemeka. Jirani amekaa kwenye kigoda na lile jarida la nyuma ya mtungi mapajani. Nikaona mara moja lililotokea. Alikuwa amelifungua kama vifunguliwavyo vitabu vya misheni, kutoka kushoto, na mwanzo wake yeye ulikuwa mwisho wetu sisi. Neno la kwanza alilomwambia mtoto lilikuwa lile nililomficha wiki nzima.

Nilitaka kumpigia kelele. Lakini yule alikuwa mtu mzima, rika la baba yetu aliyekuwa safarini, ndiyo maana tukimwita ami, na kwetu mtoto hamwambii mtu mzima umekosa, seuze mbele ya mgonjwa. Na kelele yoyote ingemnyanyua ndugu yangu zaidi. Niliweka kombe chini. Nilipitisha mkono nyuma ya shingo yake, na nikasema kama mtu anayeongea habari za jana:

"Ami amekusomea safari ya kurudi."

"Ya nini?" Shingo yake ilikuwa ngumu kama mpini.

"Ya kurudi. Kitabu hiki kina njia mbili. Sisi wa chuo huingilia kulia, tukamfuata akienda. Ami yuwaingilia kushoto, akamkuta akirudi. Lala nikueleze. Lala kwanza."

Hakulala. "Kwa hivyo mtu akirudi huanza kwa kuanguka?"

Nilimtazama jirani. Naye akanitazama, akatazama jarida, akalipindua upande ule na upande huu, na nikamwona akielewa. Uso wake uliwiva.

"Huanza kwa kutoka," nilisema. "Alikuwa chini, mtoni, akaja juu. Yuwapanda, ami, sivyo? Soma tena."

"Ee. Anapanda." Aliweka kidole juu ya picha. "Mkono iko wazi. Inashika kamba. Kamba ilikuwa imekatika, sasa... sasa imejishona. Msichana amesimama kwa daraja. Daraja ni nzima."

Shingo ikalegea kidogo mkononi mwangu. Nikaishusha, polepole, kama unavyoshusha ndoo iliyojaa pomoni.

"Halafu?"

"Anatembea kinyumenyume. Anarudi kwa nyumba. Anakaa. Anakula." Jirani alifunua ukurasa. "Analala."

"Kwao?"

"Kwao."

Kichwa kilifika kwenye mto wa kitanda. Nikarudisha vifuko vya mchanga, kimoja, cha pili. Nilidhani tumevuka. Kisha ndugu yangu akauliza, "Na mamake yuko wapi?"

Kitabuni hapakuwa na jibu, uende kulia uende kushoto. Jirani ndiye aliyejibu, na sauti yake ilikuwa nzito ajabu: "Mama yake iko jikoni. Anasonga ugali."

"Ugali? Japani?"

Na kifua kikaanza. Wallahi, kifua kikaanza kurukaruka! Niliweka kiganja juu yake. "Usiteke. Usiteke, mwenzangu. Fikiri jambo baya. Fikiri mwalimu wa chuo." Alijikaza. Mdomo ulikunjana, ukanyooka, ukakunjana. Pumzi moja ndefu ikatoka puani. Akatulia.

Hapo ndipo nilipoona bandeji. Upande wa kushoto, chini, palikuwa na alama ya majimaji kama ncha ya kidole. Nilimwonyesha jirani kwa macho. Alisimama, akakaa tena.

Mama aliporudi nilimwambia kabla hajatua kikapu. Aliinama juu ya mtoto, akaitazama ile alama kwa muda mrefu, akanusa, akaigusa pembeni. Kisha akamnywesha kombe kwa kijiko, kidogo kidogo. Mjomba alikuwa ameingia nyuma yake.

"Nilisema mimi," alianza, akitazama mlango wa jirani. "Hawa watu wa bara, dada, hata kitabu huanzia..."

"Nyamaa," mama alisema. "Ulikuwako wewe? Alikuwako yeye."

Mjomba akatoka kwenda barazani. Jioni ile hapakuwa na ubishi. Jirani alikaa upande mmoja wa mlango, mjomba upande wa pili, na mimi nikipita na maji niliwaona wameinama kama watu waliofiwa. Jirani alikosa zamu yake. Asubuhi alimwita mama ukumbini, akamwambia, "Mama, mimi ndiyo nilimwamsha." Mama akamjibu, "Ulimkalia mwanangu nilipokuwa sipo. Hayo mengine ni ya Mungu." Jirani akaitikia kwa kichwa, lakini hakuingia tena chumbani. Alisimama mlangoni tu, akiuliza kwa ishara: vipi? Nami nikamjibu kwa ishara: sijui.

Jumapili ilikuwa ndefu. Alama ilikauka, ikawa ya manjano, na hatukujua kama hilo ni jema au baya. Ndugu yangu alikuwa mtulivu kupita kiasi, jambo lililonitisha kuliko vile vidole vya miguu. Hakutaka safari ya kwenda wala ya kurudi. Aliniuliza swali moja tu: "Dada, ile siku ya kufunguliwa, nikifungua mato na giza likibaki palepale?"

"Halitabaki."

"Likibaki?"

"Usiche, usiogope. N'takuwa nimekushika mkono." Sikuwa na kingine cha kumpa, maana nilikuwa na miaka kumi na miwili tu.

Jumatatu daktari alifungua bandeji mzunguko kwa mzunguko. Muuguzi yule yule alishika kichwa. Mama alisimama mbele, mimi pembeni, na mkono wa ndugu yangu ndani ya wangu ulikuwa baridi. Jicho la kulia lilifunguka, likapepesa, likatuona. Alitutaja sote, akataja hata kalamu mfukoni mwa daktari. Kisha daktari akalifunika hilo kwa kadi, akamwambia afungue la kushoto.

Lilikuwa jekundu lote. Lilikuwa limekaa mahali pake.

"Unaona nini?"

"Mwanga."

"Na nini tena?"

"Kuna mtu," alisema. "Yuko karibu. Simjui nani."

Ni mama. Alikuwa mbele yake, umbali wa mkono. Nilimwona mama akifungua mdomo ili aseme ni mimi, mwanangu, kisha akaufunga, kwa sababu daktari alikuwa ameinua kidole kumzuia.

Daktari alizungumza Kiingereza, muuguzi akatueleza. Kidonda kilikuwa kimevuja kidogo na kujifunga chenyewe. Jicho halitatolewa. Kuona kwake huenda kukarudi pole pole, huenda kusirudi. Mtoto atatumia la kulia, na watoto huzoea. Mama alisema alhamdulillahi, jito liko, akalia kwa mara ya kwanza tangu siku ya nyundo, na ndugu yangu akamuuliza kama sasa kulia kumeruhusiwa. Muuguzi akasema kumeruhusiwa, na kucheka pia.

Nyumbani kulikuwa na sherehe ndogo. Mjomba alinunua soda, jirani alinunua soda, kila mmoja bila kujua mwenzake amenunua, na watu wa vyumba vyote sita wakaja kumtazama. Ndugu yangu alikaa kitini kama bwana harusi. Alipopewa chupa alinyoosha mkono, vidole vikafunga hewa, kabla ya chupa. Akacheka, akanyoosha tena. Watu nao walicheka, wakadhani ni utundu wake.

Mimi nilitoka uani. Hapakuwa na mtu. Niliziba jicho langu la kushoto kwa kiganja, nikasimama mpaka ukuta, kamba ya nguo na mtungi vikawa kama vimechorwa kwenye karatasi moja. Nikashika kata, nikachota maji, nikayamimina kwenye kopo lililokuwa juu ya jiwe. Yalipita kando, yakanimwagikia miguuni. Nikachota tena.